Kwato Kwenye Ngazi

Mwanangu Ansbert kafanywa mwindaji mkuu wa kambi nzima ya uwindaji huko porini. Kaka Melkiori, salamu, sisi huku Kariakoo tu wazima.

Mwanangu hakai bure kungoja msimu ufunguliwe Julai. Kila asubuhi anapanda ghorofa zote nane za jengo letu na gunia la mchele mgongoni, na wapagazi wa sokoni wanamvulia kofia. Ila nyuma yake husikika kwato. Hata Severa, muuza vitenge wa hapo chini, kazisikia.

“Mama, ni yule nyati niliyemjeruhi nikamwacha porini,” aliniambia. “Naye anafanya mazoezi.”

Jana zilibaki ngazi mbili tu kwato hizo zimfikie. Wewe mjomba wake ndiye wa kuchinja mbuzi na kumwombea kabla hajaondoka. Mimi dada yako Caroline nawasubiri nyote Jumamosi, tarehe ishirini Juni.