Metroni Alipofungua Lango

Mjukuu wangu Mwanasiti,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Bofu sote tu wazima. Mjomba wako amehamia Changamwe, na sasa analalamika kwamba malori hayamwachi alale.

Umeniuliza mkubwa wetu wa hospitali, Metroni Rukia, alitumia mbinu gani mwaka ule wa kipindupindu, upate kuwaeleza walimu wako wa uongozi. Nimefikiri mpaka nimechanganyikiwa.

Nilikuwa muuguzi kijana. Wagonjwa walijaa, sisi tulikuwa wachache, na amri ilikuwa jamaa zao wabaki nje. Asubuhi moja Metroni akalifungua lango kwa mkono wake.

"Kila mgonjwa na mtu wake mmoja," akasema. "Anawe mikono, akae naye, amnyweshe maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko."

Wallahi nilidhani amerukwa na akili. Nikangoja ugonjwa uenee mitaani, usienee. Wagonjwa wodini wakaanza kupungua, nasi tukapata nafasi ya kuwatundikia dripu waliozidiwa. Lakini wiki ile ile mvua iliyokuwa ikichafua visima nayo ilikatika. Basi ilikuwa lango au mvua? Sijui, mwanangu.

Baadaye nilimwuliza mwenyewe, "Mama, ulijuaje?"

"Sikujua," akanijibu. "Nilichoka kuwasikia wakilia nje, na ndani mikono haitoshi."

Sasa hilo wewe utaliandikaje kwenye mtihani, nami limenishinda tangu ujana?

Ni mimi nyanya yako,
Mwanahamisi