Bakteria Wangu na Tangi Lao

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali! Bakteria wangu, niliowachota kwa kijiko nyuma ya kituo cha kupokea maziwa, wamepewa tangi la lita mia tano. Ila nafasi ni moja tu, kasema bosi wetu wa maabara, Mzee Rula (anapima kila kitu, hata chai yake). Alhamisi kimeng'enya chao kisipofika kiwango, wao friza, mimi narudi kuosha chupa. Kinavunja sukari ya maziwa. Viwanda vya maziwa vinakitaka, na watengeneza vidonge pia, kwa watu wanaosumbuliwa na tumbo wakinywa maziwa. Mume wangu ni mmoja wao. Nimemwambia nahangaikia tumbo lake. Kasema basi ataacha kuwaonea wivu hao wadudu.

Jumanne, 4 Machi

Wanakula! Wanazaliana! Chumba kinanukia viazi vya kuchemsha. Fundi wa mitambo kaniambia niache kulipapasa tangi, si mtoto. Hajui kitu huyu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Saa tatu asubuhi povu lilipanda mpaka kwenye kioo cha kuchungulia ndani ya tangi. Nikamimina dawa ya povu, kipimo kizima. Kumbe fundi alikuwa ameshamimina! Hakuandika ubaoni, nami sikuuliza. Dawa ikizidi, hewa haiingii vizuri, na wadudu wangu wanakosa pumzi. Mshale wa hewa ukashuka. Fundi akasema tunyamaze, watazoea. Nimeshindwa kunyamaza — nimemweleza Mzee Rula yote. Hakufoka. Afadhali angefoka! Kaagiza tu mapanga ya kukorogea tangini yazungushwe kasi zaidi, na ubao uandikwe. Nimeandika kwa herufi kubwa kama za watoto wa darasa la kwanza. Naogopa sana.

Alhamisi, 6 Machi

Saa nne kasoro. Naandika nimesimama. Tone kutoka tangini limeingia kwenye maji ya kupimia. Yakiwa njano ndani ya dakika tano, tumepona. Yakibaki bila rangi, basi.

Dakika ya pili. Hakuna kitu.

Ya tatu. Fundi anasema anaona rangi. Huyu si ndiye aliyesema watazoea?

Ya nne. Mzee Rula kaja, kainama, kavua miwani, kaivaa tena. Hasemi ni rangi gani. Kaniuliza tu mbegu ya hawa bakteria nimebakiza chupa ngapi. Mbili, nikamwambia. Kasema nisimpe mtu yeyote, na fundi akaanze kuandaa lile tangi kubwa la lita elfu tano. Jamani, dakika ya tano bado —