Kiota cha Furukombe

Mdogo wangu Sesilia,

Sie huku Kunduchi wazima, na mama goti limepoa. Yule furukombe anayevua mbele ya banda letu bado yupo, ila Jumatatu upepo ulikiangusha kiota chake kutoka kwenye mvinje. Nikaenda kuokota kuni. Ndani yake nilikuta mifupa ya changu na kamba zangu nyekundu za kutungia samaki, tena zina fundo langu.

Ndio wale changu niliosema umeniibia, ukarudi Masasi unalia.

Kamba nilizichoma. Mama alipouliza nachoma nini, nikamjibu takataka. Ukiipata barua hii, mpigie simu umsomee. Mie mdomo umenishinda.

Dada yako,
Marietha