Redio ya Shangazi Imefungiwa Kabatini

Dada Imelda,

Salamu kutoka Litapunga, ambako mvua imeninyeshea mpaka soksi. Mimi mzima, ila nina hasira hadi chai hainishuki.

Shangazi Venansia ametusahau majina sote, hilo unalijua. Lililonichoma ni kwamba Deo, mwanaye, amemfungia redio kabatini na kumkataza kuimba! Kosa lake? Jirani alipofiwa, Shangazi aliimba nyimbo za harusi pale pale msibani. "Alitutia aibu, kaka," ananiambia. Lakini matanga yalianuliwa tangu kiangazi! Nilipofika nilimkuta mama wa watu anakaa kimya ukutani kama jembe bovu, na chakula anakisukuma.

Jana mchana alipokataa tena ugali, nikaanza ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, kwa sauti yangu hii iliyofukuzwa kwaya. Shangazi akageuka. "Wewe! Unamtoa bibi harusi au unafukuza nguruwe shambani? Nipishe!" Akauimba wote kwa Kirundi chetu cha nyumbani, mkono ukimega ugali na samaki wa mgebuka hadi sahani ikawa nyeupe.

"Jirani mwenyewe alishasahau," nikamwambia Deo, "wewe bado unamwadhibu mama yako?"

Redio nimeitoa, iko mapajani kwa Shangazi. Anayetaka kuirudisha kabatini anibebe mimi kwanza, na kitambi changu.

Wasalimie watoto. Na wewe ukizeeka nitakuimbia, utake usitake.

Kaka yako,
Faustini