Haidari Alivyosogea

Jumamosi, Malvern, huku ughaibuni

Amefika, alhamdulillahi! Miaka yote hii mama yake, jirani yangu wa mlango wa pili, analilia karatasi za uhamiaji na mimi nalia naye. Leo Haidari kasimama mlangoni kwangu, mrefu kama nguzo, amekonda.

Wamarekani walikwenda Iraki kumng'oa mtu mmoja, wakang'oa mtaa mzima. Haidari akawa mkalimani wao. Walipofunga virago wakamwachia jina la msaliti, hata binamu zake wakaogopa kuonekana naye. Eti hakuna aliyepanga iwe hivyo. Basi wangekaa kwao!

Nikamwambia, "Karibu!" Akapiga hatua moja, akasimama. "Karibu, mwanangu!" Akasogea tena. Nikarudia, mpaka viatu vyetu vikagusana, naye masikio mekundu kwa haya.

Mama yake, aliyekuwa nyuma yake, alicheka hata akashika ukuta. Akanieleza kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza: "Bibi, kwa Kiarabu neno hilo ni kumwambia mtu asogee tu, si kuingia!"

"Basi hajasogea vya kutosha," nikasema, nikamkumbatia. Sikumwachia mpaka pilau yangu jikoni ilipoanza kunuka moto.