Bunduki Isiyo na Kifyatulio

Mtaa wa Bondeni,
Nakuru.
17 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Yaseen,

Assalaam alaikum warahmatullah. Hujambo? Kazi yako ya gereji hapo Durban haijambo? Na mapafu yako yanasemaje? Usicheke. Leo kila ninachouliza nauliza kwa kusudi, na utajua kwa nini kabla hujamaliza kusoma.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama limetulia tangu aache kushindana na ngazi za sokoni. Mvua inatuchezea, asubuhi jua na mchana mvua ya mawe, na Baba bado anaanika mbao nje halafu anatimua mbio kuziingiza. Mkeo Najwa alishuka kutoka Subukia Jumamosi na mkungu wa ndizi na maswali mengi. Maswali yake nitayafikia.

Najua unashangaa kupata karatasi siku hizi. Nimejaribu kukupigia. Nashika simu, naiweka. Nikikuambia kwa mdomo utanichekea, utasema "relax, sister," mimi nitapandwa na hasira, na tutaishia kuzungumza habari za mpira. Ndiyo maana nimeiweka barua hii ndani ya sanduku la bunduki yako mpya, juu kabisa, uisome kabla hujagusa kitu.

Unakumbuka Baba alivyohangaika na ile bunduki ya kwanza. Ulimtumia picha ya bunduki ya kuvulia samaki, ya dukani, pamoja na bei yake, akakwambia mtoto wa seremala hanunui mti. Akatwaa mvule wa dirisha la nyumba ya reli iliyobomolewa, akaupasua vibanzi, akavigundisha nyuzi zikipingana ili usije ukapinda. Kisha ukaja na shida ya kuelea: mkuki ukishatoka, bunduki isizame. Sasa mtu wa Bondeni ataipimia wapi bahari? Tukaazima tangi kuukuu la Makhanu, jirani yetu fundi wa vyuma, Mama akaagiza gunia la chumvi ya ng'ombe kutoka Dundori, na Baba akawa anakoroga na kuonja kwa kidole kama mtu anayepika mchuzi. Alidai babu yake alikuwa mtu wa Lamu, kwa hiyo ladha ya bahari anaijua. Mama akamwambia babu yake alikuwa mshonaji kofia.

Wewe ndiye uliyetaka kamera ikae karibu na mdomo wa bunduki ikitazama nyuma, watu wauone uso wako ukilenga. Makhanu akachomelea kishikizo. Uzito wa kamera ukauvuta mdomo chini, Baba akaongeza kibao chepesi kwenye mpini, akarudi kwenye tangi, akaongeza tena, hadi bunduki ikawa inaelea wima, mpini juu na mdomo chini. Tukapiga makofi uani. Kama asingesumbuka vile, nisingekuwa na la kukuandikia.

Nije kwa zile klipu zako za kuvua nguru. Ulinitumia zote mbichi kama kawaida, nizikate na kuzipamba, ukaongeza ujumbe wa sauti: "Hiyo ya tatu ni moto, sister. Wekelea beat. Kata mwisho, mwisho hakuna kitu." Niliacha video ya harusi ya watu mezani nikafungua yako kwanza.

Unabana pumzi, unashuka. Unasubiri penye miamba, nguru anapita, unafyatua, unampata. Unapanda juu na uso umejaa furaha ndani ya miwani. Unafika, unavuta pumzi moja. Halafu mkono unaiachia bunduki. Mimi nilidhani umeiachia makusudi ushike kamba ya samaki. Bunduki ikasimama wima vile Baba alivyoifunza, na kamera ikawa inakutazama kutoka chini. Kichwa kikatetemeka, ukalaza uso majini. Mikono ikalegea. Mdomo wako ulikuwa wazi, Yaseen. Mapovu yakatoka, yakaisha. Kujua sekunde ni kazi yangu, lakini zile sikuzihesabu na sitazihesabu. Wimbi likaja likakugeuza ubavu, nusu ya uso ikatoka nje ya maji, ukakohoa. Ukatikisa kichwa, ukaishika bunduki, ukaionyesha kamera dole gumba na kucheka.

Hukujua. Nilirudia kicheko kile mara nyingi nikitafuta woga, sikuuona.

Nilimwendea Milcah, yule anayefundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la hoteli, nikamwonyesha bila kumtajia jina. Aliangalia mara moja tu. "Huyu alizima," akasema. "Na akiamka hawezi kumbuka. Anaona ni kama alipepesa macho. Huko juu alikuwa na nani wa kumwangalia?" Nikamwambia hakuwa na mtu. Akanirudishia simu pole pole. "Basi mwambie siku ingine hiyo wimbi inaweza kosa kuja."

Tangu hapo situlii. Nakaa kukata harusi, bibi harusi akiinama kulishwa keki, nakuona wewe ukilaza uso. Nabandika chai inachemka hadi inakauka. Nafua nguo safi. Mama ananiuliza kama nimekalia siafu. Najwa, ambaye hulala akitazama video zako, aliuliza mpya iko wapi, nikamwambia kompyuta imeharibika. Basi kaniletea fundi mpaka mlangoni, nami nikamlipa fundi wa watu kwa kutazama kompyuta isiyo na kasoro.

Katikati ya wasiwasi huo ndipo ukaagiza bunduki ya pili. Ndefu zaidi, yenye mipira ya kurushia mkuki ya nguvu zaidi, kamera itazame mbele ionyeshe samaki tu, kwa sababu sasa unataka miamba ya kina zaidi. Nikakuuliza utakwenda na nani. Ukajibu mtu wa pili anatisha samaki. Baba hakuwa anajua lolote, akaingia kazini akipiga mluzi. Na mimi nawaza: kamera ikitazama mbele, bunduki ikielea wima itapiga picha ya mchanga. Ukizimia tena, hata mimi sitaona.

Sikukusudia Baba ajue. Alikuja studio yangu mwenyewe akitaka kuona jinsi ile ya kwanza inavyoelea, apate kipimo cha ya pili. Nilipanga kusimamisha kabla ya pale, mkono ukachelewa. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu akavua kofia, akaiweka mezani. Akasema, "Imeelea vizuri," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akachukua kofia yake akaenda.

Nilimfuata karakana. Bunduki mpya ilikuwa juu ya meza, imeshapakwa vanishi, inang'aa. Alikuwa anafungua skrubu. Akatoa kifyatulio na chuma chake chote, akakifuta kwa shati, akaniwekea kiganjani. Makhanu, aliyekichonga, alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee, sasa hiyo kitu ni fimbo tu," akasema.

"Ni fimbo, ndiyo," Baba akajibu. Kisha akanigeukia. "Weka wewe. Mimi akiniomba nitampa."

Na ni kweli, atakupa. Mzee huyu hajawahi kukunyima kitu tangu uanze kutambaa. Mimi sikuumbwa hivyo, unanijua.

Kwa hiyo sandukuni utakuta mvule, mipira, mkuki, na kishikizo cha kamera kikitazama nyuma, Baba amekigeuza. Kifyatulio hakimo. Usihangaike kutafuta cha dukani. Tundu lake Baba alilichimba kwa umbo lake mwenyewe, hakitaingia. Kiko kwenye mkoba wangu, pamoja na funguo na tasbihi. Nitakutumia siku nitakapopata klipu mbichi, haijakatwa, yenye watu wawili: mmoja yuko chini, mmoja yuko juu anamtazama, halafu mnabadilishana. Nataka kuona miguu minne. Usiniunganishie picha, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Wala usinikodishie mtu wa siku moja. Nataka jina lake na namba yake, nimsalimie, nimjue mama yake. Samaki wakitishika, watishike. Nguru hata sokoni yuko.

Kuna jingine. Ule ujumbe niliokutumia kwamba gundi ya bunduki ya kwanza ina kasoro, usiitumie hadi sanduku lifike, ulikuwa uongo wangu. Gundi ni nzima. Nilitaka usiingie majini kabla ya kusoma haya. Baba akijua nimesingizia gundi yake ataninunia hadi Ramadhani. Lakini sasa umesoma, na bunduki ile bado unayo, na mimi niko Nakuru, mkono wangu haufiki. Ndiyo maana hapo juu niliamuru na hapa naomba. Tafadhali, ndugu yangu.

Mimi sijui kuogelea. Maji ya juu kabisa yaliyowahi kunifika ni ya mafuriko, nayo yaliishia magotini. Siku ile mbele ya kompyuta niliinuka kitini kama mtu anayetaka kukurukia nikunyanyue. Nilikuwa nimeogopa, Yaseen, na bado naogopa. Nikisikia simu inalia Jumamosi, siku yako ya kuvua, naiangalia kwanza nikiomba isilie tena.

Mama anakusalimu na kukwambia ule vizuri. Kwake hatujasema kitu. Baba anakusalimu, amesema tu "mwambie namsalimu," akaendelea kupiga randa. Makhanu naye salamu, anadai kifyatulio kile ni kazi yake bora na kinaozea mkobani. Najwa utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nimechoka kuletewa mafundi. Mwenyezi Mungu akulinde juu ya maji na chini yake, na akupe mwenzi mwenye macho.

Wako akupendaye, na mwenye kifyatulio,
dada yako,
Ruqaiya

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ni ile klipu ya tatu, kwa kuwa ulisema kwenye kadi ya kamera umeifuta. Sijaikata wala sijaiwekea muziki. Kaa chini, uitazame hadi mwisho, pale uliposema hakuna kitu.