Milamula Iliyofyekwa

Buhembe, Bukoba
3 Agosti 2025

Mpendwa kaka Byabato,

Hujambo huko Songea? Wifi Agnetha anaendeleaje na mguu wake? Sisi wazima, kahawa bado tunaanika. Nimekusalimia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Sasa nikuambie ninavyochemka. Nakuandikia maana kwenye simu nikigusia vita tu, ghafla mtandao unasumbua.

Mjukuu wako Nancy, shule iliwapeleka Muleba mwezi uliopita, kwenye makaburi ya wanajeshi pale Kaboya. Alirudi hakamatiki. Vita vya Kagera anavijua mwanzo hadi mwisho, daraja la Kyaka lilivunjwa lini, nani aliamuru nini. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Kumbe balaa linakuja. Akakusanya wenzake, wakamwomba baba yake kipande cha kibanja, hili shamba letu la migomba, watengeneze bustani ya kuwakumbuka mashujaa. Mwesiga, mwanao huyo asiyeuliza kitu, akawaonyesha kule chini kwenye ile mimea ya milamula. Eti vichaka tu, fyekeni! Mimi nilikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Narudi, nakuta udongo umesawazishwa na watoto wanapanda maua huku wanaimba.

Kaka, pale ndipo mlipomzika yule mama wa Misenyi na mtoto wake, wale waliokimbia mabomu wakafia nyumbani kwetu. Tata, baba yetu, aliwapandia milamula iwe alama ya kaburi, ili asije mtu akalima juu yao. Leo watoto wamefyeka makaburi ya vita ili wapate mahali pa kukumbuka vita! Niambie kama hiyo si aibu.

Nilifoka mpaka jirani Nasma akaja mbio akidhani nimeona nyoka. Mwesiga ananijibu, "Shangazi, nani alituambia?" Nusura nimzabe kibao, mtu mzima yule. Nancy akakaa chini akalia, halafu akaniuliza, "Bibi, walikuwa wanaitwa nani?"

Majina yao sikuwahi kutajiwa. Mlipowazika mimi nilikuwa nimepelekwa Muleba kwa shangazi. Tata hayupo tena. Umebaki wewe peke yako, na miaka yote hiyo unampigia Mwesiga kumuuliza migomba na kahawa, hujawahi kumwambia kwamba kibanjani mwake wamelala watu wawili. Ulikuwa unasubiri nini? Nimekasirika, ndiyo maana mwandiko mbaya.

Maua nimeyang'oa, na nimekataza mtu yeyote asikanyage pale. Nancy amegoma kurudi kwenye kikundi chao mpaka ajue amefyeka kaburi la nani. Huyo angalau ana haya.

Usinitumie hela, wala pole za simu. Panda basi uje. Usimame pale, umwonyeshe mjukuu wako mama amelala wapi na mtoto wapi, umtajie na majina yao. Ukifa na majina hayo mdomoni, Mungu anisamehe, sitakuja kukuzika.

Nisalimie wifi Agnetha na Josia wenu. Mungu akulinde ukiwa njiani kuja. Ukibaki huko, sikuombei.

Mdogo wako akupendaye hata kwa hasira hizi,

Kokushubila